Kamera Chee, Mkanda Ghali

Hoja iliyo mezani ni hii: kamera kuukuu za mkanda, zile za bei nafuu, zinastahili kununuliwa na kutumiwa na mtu wa kawaida leo, au ni mchezo wa wenye pesa za kuchezea? Sizungumzii Leica. Leica M6 iliyokwisha kutumika inauzwa zaidi ya dola 2,000, na anayeinunua hahitaji ushauri wa gazeti. Nazungumzia Zenit ya Mrusi, Praktica ya Ujerumani Mashariki, Pentax K1000, Olympus Trip na Yashica: kamera zilizotoka viwandani kwa wingi ili mwalimu na karani nao waweze kuzimudu.

Sauti ni tatu, na nimezitunga mwenyewe kutokana na mabishano ninayoyasikia kila watu wa picha wanapokutana. Binti ni mkusanyaji, ana kamera rafu nzima. Kijana anapiga harusi na sendofu kwa dijitali. Mzee amemaliza umri wake studio, akipiga pasipoti na picha za familia, mpaka mashine za kusafishia mikanda zilipozimwa moja baada ya nyingine. Nimewaweka barazani, Ilala, na chai ipo. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

BINTI: Nianze mimi, kwa kuwa mimi ndiye mshtakiwa. Zenit-E ilianza kutengenezwa mwaka 1965, Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow. Leo ukiinunua kwa watu wa Ulaya Mashariki, bei yake haiumizi, na inakuja na lenzi yake kabisa: Helios-44, milimita 58, kitundu kinafunguka hadi f/2. Asili ya lenzi hiyo ni Biotar ya Zeiss ya Jena. Warusi waliuchukua mchoro wake baada ya vita. Nitajieni kamera mpya itakayonipa kioo cha namna hiyo kwa pesa hiyo.

KIJANA: Dada, kwenye lenzi hatubishani. Helios ninayo, nimeifunga kwenye kamera yangu ya dijitali kwa adapta. Nikimsimamisha bibi harusi mbele ya miti, majani ya nyuma yanazunguka duara, wateja wanapenda sana. Ndiyo maana nasema: chukua lenzi, boksi liache. Boksi ndilo linalokula hela.

BINTI: Boksi halili hela. Mkanda ndio unaokula.

KIJANA: Basi umenisaidia. Tupige hesabu. Mkanda wa kawaida wa rangi, Kodak Gold au ColorPlus, huko unakotoka hauko mbali na dola 10. Picha 36. Kila ukibonyeza, senti 28 za dola zimekwenda, na bado hujasafisha, hujaskani, hujachapa. Halafu usafiri wa kuja huku. Mimi leo nikipiga picha mia za majaribio sijapoteza hata thumni.

MZEE: Hesabu yako sawa, kijana wangu, ila unaisema utadhani ni habari mpya. Mkanda haujawahi kuwa rahisi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka, mkanda uliadimika pamoja na sabuni na dawa ya meno. Ukipata mmoja unaugawa. Picha tatu za huyu anayeoa, moja ya mtoto aliyetimiza mwaka, mbili za ndugu wanaotaka kutuma kwao Kigoma. Mteja wa kwanza anasubiri mpaka mkanda ujae. Kwa hiyo mtu alikuja ameoga, amechana, shati limepigwa pasi. Nabonyeza mara moja, basi. Nikiona amefumba macho, ya pili ni juu yangu.

KIJANA: Mimi harusi moja narudi na picha elfu mbili.

MZEE: Bibi harusi anazitazama ngapi?

KIJANA: Mzee wangu, mteja analipia uhakika. Bwana harusi akijikwaa mlangoni, ninaye akijikwaa na ninaye akiinuka. Wewe ungekuwa umeinama unabadilisha mkanda.

MZEE: Hilo nakupa. Nimekosa mengi nikiwa nimeinama hivyohivyo. Harusi ya mtu kapige na dijitali yako, wala sitakucheka.

Niingie hapa kidogo. Watetezi wa mkanda hupenda kusema kwamba unafundisha subira, na wapinzani hujibu kwamba subira mtu anaweza kujifunza bure. Wote wana haki, na kwa sababu hiyo hoja hiyo haitufikishi popote. Wengine husema picha ya mkanda ina roho. Sijui roho hiyo inapimwa kwa chombo gani. Ninachotaka kujua ni kama unafuu huo upo kweli, na kama upo, umekaa wapi.

BINTI: Upo kwa anayejua kuutafuta. Kwanza, kuna kamera za nusu fremu. Olympus Pen ilitoka mwaka 1959: fremu moja inagawanywa mara mbili, mkanda wa 36 unakupa picha 72. Senti 28 zako, kaka, zimekuwa 14. Na wazo hilo halikufa. Mwaka 2024 Pentax walitoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, na ni nusu fremu vilevile. Pili, nyeusi na nyeupe unaweza kununua kwa jumla. Foma wa Hradec Králové, kule Cheki, wanauza mkanda wa mita 30 na nusu kwenye bati moja. Unaukata mwenyewe gizani, unaujaza kwenye vikopo, unapata mikanda kama 18 ya picha 36.

KIJANA: Kama kiwanda hakijafungwa. Kodak si walifilisika mwaka 2012?

BINTI: Waliomba kinga ya mahakama, wakatoka mwaka uliofuata, na mkanda mpaka leo unatengenezwa Rochester. Ilford wapo Uingereza. Waliokufa ni wengi, sikatai, lakini usiwazike walio hai.

MZEE: Mikanda iliyopita muda je? Maana naona mnaiuziana.

BINTI: Watu wanasema ongeza mwanga hatua moja kwa kila miaka kumi iliyopita.

MZEE: Hiyo ni kanuni ya mkanda uliokaa kwenye friji. Uliokaa duka la bati, Dar, kaskazi mbili tatu, hata ukiuongezea hatua tano utapata ukungu mtupu. Joto ndilo linaloua mkanda kuliko tarehe. Na huo unaoletewa na ndugu kutoka Ulaya, mwambie auombee ukaguzi wa mkono uwanja wa ndege. Zile mashine mpya za CT zinauunguza kabla hujaufungua.

BINTI: Hilo nalijua, nilishawahi kuletewa mikanda yenye mawimbi ya kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho.

MZEE: Sasa nionyesheni hizo kamera zenyewe. Maneno tumeyasikia.

(Binti anafungua begi. Juu ya mkeka zinatoka Zenit-E, Canon AE-1, Pentax K1000, Yashica Electro 35, Olympus Trip 35 na Praktica mbili.)

MZEE: Hizi mbili, AE-1 na K1000, ni rika moja. Zote za mwaka 1976. Tazama walivyotofautiana. Canon akaweka ubongo wa umeme ndani, kamera ikawa inaamua yenyewe. Pentax akabaki na springi na meno ya chuma. Toa betri kwenye K1000: kipimo cha mwanga kinalala, kamera inaendelea kupiga. Toa betri kwenye AE-1.

KIJANA: (Anabonyeza.) Kimya.

MZEE: Imekufa. Iwekee betri tena.

(Inabonyezwa. Sauti inatoka, kali, ya kukwaruza.)

MZEE: Umesikia? Inakohoa kama mwenye pumu. Mafuta ya kioo cha ndani yamekauka. Ugonjwa wa AE-1 huo, unatibika kwa tone moja la mafuta mahali panapostahili, lakini lazima awepo anayepajua. Pentax waliendelea kuiunda K1000 hadi mwaka 1997, miaka 21, na sababu ni hiyohiyo: fundi yeyote anaifungua.

BINTI: Na Zenit?

MZEE: Zenit ni jambo la ajabu. Watu wanaicheka kwa sababu spidi zake ni tano tu: moja kwa 30 mpaka moja kwa 500, pamoja na B. Haina sekunde moja, haina nusu sekunde. Lakini kwenye kamera ya zamani kinachoanza kuumwa ndizo hizo spidi za polepole, kwa sababu zina mtambo wake mdogo wa kuchelewesha, na mafuta yakiganda unakwama. Zenit haina mtambo huo. Umasikini wake ndio uzima wake. Vijana waliokwenda kusoma Moscow walikuwa wanarudi nazo shingoni, nzito, karibu kilo nzima ukijumlisha lenzi. Waliosomea Ujerumani Mashariki walirudi na Praktica. Kijana, washa tochi ya simu yako.

KIJANA: Simu imepata kazi hatimaye.

MZEE: Ina kazi nyingi, sijaikataa. Mulika lenzi hii ya Praktica kwa nyuma, mimi nitazame kwa mbele. Hapo. Unaona nyuzinyuzi zinatambaa kutoka ukingoni kwenda katikati? Hiyo ni kuvu. Inakula rangi ile ya buluu iliyopakwa juu ya kioo, na ikishakula hairudi, hata ukiisafisha itabaki alama. Binti yangu, ulikuwa unaiweka wapi?

BINTI: Kwenye mkoba wake wa ngozi. Ule wa asili.

MZEE: Mkoba wa ngozi unashika unyevu, na Pwani unyevu haukosi. Utupe, au utundike ukutani kama pambo. Lenzi inataka hewa na mwanga. Iweke dirishani mara mojamoja ipigwe na jua, kisha iwe kwenye chombo kinachofunga, na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu. Ngapi kati ya hizi zina mkanda ndani sasa hivi?

BINTI: Hii Zenit.

MZEE: Moja.

BINTI: Moja, Mzee.

(Mzee haongezi neno. Anafungua mgongo wa Yashica na kupitisha kidole kwenye mfereji wa mlango. Kidole kinarudi cheusi, kinanata.)

MZEE: Sponji ya kuzuia mwanga. Inaoza yenyewe, itumike isitumike. Ukipiga hivi, kila picha itakuwa na mchirizi mwekundu pembeni, utadhani ni mkanda mbovu. Ikwangue kwa kijiti na spiriti, kisha laza uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji. Gharama yake ni kifundo cha uzi. Hii Zenit toa lenzi yake, fungua mgongo, uielekeze kwenye anga, usikodolee jua. Kama pazia lina kitundu, utakiona kinang'aa. Kitundu kama cha sindano unakiziba kwa rangi nyeusi ya kitambaa, nyembamba, ukaiacha ikauke.

Nimeyaacha mafunzo hayo yaende marefu kwa makusudi. Mtu akikuuzia kamera kwa bei ya kutupa, mara nyingi amekuuzia pia kuvu, sponji iliyooza na kipimo cha mwanga kilichokufa. Vipimo vya seleniamu vya Zenit na Trip havitaki betri, ni kweli, ila seleniamu nayo huchoka. Na zile kamera za miaka ya 1960 na 1970 zilizotumia betri za zebaki za volti 1.35 siku hizi hazina chakula chake, maana zebaki imepigwa marufuku; ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5, kipimo kinadanganya. Mnunuzi wa mara ya kwanza haambiwi haya.

KIJANA: Tuache vyuma. Nina jambo zito zaidi, na dada anijibu bila kukwepa. Hiyo mikanda ya rangi mnayoisifu haikutengenezwa ikituwaza sisi. Maabara zilizotumia mitambo ya Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi zenyewe waliziita Shirley, jina la mwanamke wa kwanza kupigwa picha hizo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Sasa waweke Mmakonde na Mzungu kwenye picha moja: mmoja anatoka, mwingine yanabaki meno na macho. Godard, yule mtengeneza filamu wa Ufaransa, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 aliukataa mkanda wa Kodak kwa sababu hiyohiyo. Na Kodak walipokuja kurekebisha, inasimuliwa kwamba waliopiga kelele zikasikika ni watengeneza chokoleti na wauza samani, ambao kahawia ya bidhaa zao ilikuwa haitofautiani pichani. Chokoleti imetutangulia! Halafu leo mnataka nirudi huko kwa mapenzi?

BINTI: Sikwepi. Lorna Roth wa Kanada ameyafanyia utafiti yote hayo, na yanauma. Lakini mkanda wa leo si ule. Portra 400 ya Kodak inayouzwa sasa ilitoka mwaka 2010. Nikimpiga shangazi yangu, mweusi ti, amevaa khanga nyekundu, ngozi yake inatoka na joto lake lote na khanga haijapauka. Simu yako kwa upande wake inamfanyaje? Inamng'arisha bila kuulizwa, inamfuta mikunjo, inamgeuza rangi ya maji ya kunde. Upendeleo haukwenda na mkanda, umehamia kwenye programu.

KIJANA: Programu naweza kuizima.

BINTI: Wangapi wanaizima?

MZEE: Mnipishe, hapa nina la kusema. Mimi ngozi nyeusi nimeipiga maisha yangu yote, na nyeusi na nyeupe haikuwa na Shirley. Tatizo lilikuwa kipimo. Kipimo cha mwanga kinataka kila kitu kiwe kijivu. Ukikielekeza kwenye kanzu kinakudanganya, ukikielekeza kwenye buibui kinakudanganya kwa upande wa pili. Kwa hiyo sikupima uso wa mteja wala nguo yake. Nilipima kiganja changu. Viganja vya watu havitofautiani sana, awe Mmakonde, awe Mhindi, awe Mzungu. Unasimama kwenye mwanga uleule alioketi mteja, unapima kiganja, halafu unafungua kitundu hatua moja. Basi, uso umekaa mahali pake.

KIJANA: Subiri, Mzee. Hatua moja kufungua?

MZEE: Moja, kwa sababu kiganja ni cheupe kuliko kijivu cha kipimo. Halafu mwanga. Uso mweusi huupigi flashi ya uso kwa uso, unaufuta. Unamgeuza kidogo, dirisha liwe pembeni, shuka jeupe unalining'iniza upande wa pili lirudishe mwanga. Na mafuta kidogo: mengine ya nazi, mengine ya mgando. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake pale inapong'aa, mfupa wa shavu, daraja la pua, mdomo. Wenzetu wa poda walikuwa wanaua hiyo. Nilikuwa nampa mteja kopo na kioo, najipa shughuli nyingine, akimaliza ananiita.

KIJANA: Hii naweza kuifanya kwa dijitali.

MZEE: Nani kakwambia huwezi?

Nadhani hapo ndipo Kijana aliposhinda na kushindwa kwa pamoja. Ujuzi wenyewe hauhitaji mkanda. Lakini ulizaliwa na mkanda, kwa sababu picha moja ilikuwa pesa na haikuonekana hadi kesho. Ilibidi mtu aijue nuru kabla ya kubonyeza. Swali linalobaki ni kama ungezaliwa bila ulazima huo. Sina hakika. Wapiga picha wazuri wa simu wapo, na hawakupitia chumba cha giza.

BINTI: Kuna suala la kudumu kwa picha pia. Priya Ramrakha wa Nairobi alipigwa risasi akipiga picha vita vya Biafra mwaka 1968. Negativu zake zilikaa kwenye gereji Nairobi miongo mingapi? Jamaa yake alipozipata, picha zilikuwepo: Mau Mau, uhuru, watu wa kawaida mitaani. Diski ya kompyuta ingekaa gereji muda huo ikatoa kitu?

KIJANA: Nairobi, dada. Baridi na ukavu. Zilete Tanga zikae hivyohivyo uone. Negativu za asetati zikikaa kwenye joto na unyevu zinaanza kunuka siki, zinajikunja, zinakwisha. Mzee, negativu zako ziko wapi?

MZEE: Nyingine nilizigawa. Nyingine mwenye nyumba alizitoa nje nilipohama studio, mvua ikazikuta.

(Kimya kidogo. Chai inamiminwa.)

MZEE: Unguja ipo Capital Art Studio, ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na hazina ile ya picha haikutupwa. Ukiingia pale unakuta watu ambao wajukuu zao wanapita barabarani. Kwa hiyo, binti yangu, ukiniuliza kitu cha kukusanya ni kipi, sitakwambia kamera. Zenit zilitengenezwa kwa mamilioni. Hata zako zikiungua leo dunia haijapungukiwa. Nenda kawaulize waliokuwa na studio Tanga, Moshi na Mtwara kama maboksi yao bado yapo.

BINTI: Nikiyapata niyafanyeje, bila vifaa?

MZEE: Meza ya kioo, taa chini yake, na kamera ya huyu. Unazipiga picha moja moja, kompyuta inazigeuza. Kumbe dijitali ina thawabu yake.

Mambo ya dawa nayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayowatisha wengi. Rangi husafishwa kwa dawa za C-41 kwenye nyuzi 37.8, dakika tatu na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza, na digrii moja pungufu inaonekana pichani. Nyeusi na nyeupe ni mpole zaidi, lakini vitabu vyake viliandikwa na watu wa nchi za baridi: vinataka nyuzi 20, na maji ya bomba Dar, mwezi wa pili, hayakaribii hapo. Dawa ya moto inakimbia, picha inatoka na madoa. Beseni la barafu linatosha kuituliza. Na kuna njia iliyozuka mwaka 1995 kwenye chuo cha teknolojia cha Rochester: kahawa ya unga na magadi ya kufulia, na baadaye ikaongezwa vitamini C. Kahawa ya Bukoba ipo kila duka, na magadi yanachimbwa Ziwa Magadi, Kenya, yakisafishwa kiwandani yanakuwa hasa kile kinachotakiwa, si yale mabonge ya kuivishia maharage yenye chumvi na mchanga. Picha inatokea, chumba kinanuka vibaya sana. Dawa ya kugandisha picha, ile haina mbadala wa jikoni, lazima uinunue. Na ikishatumika ina fedha halisi ndani yake, chuma kile, usiimwage kwenye mtaro unaokwenda baharini.

KIJANA: Kwa hiyo hukumu ni nini? Mimi nasema bado ni ghali.

BINTI: Na mimi nasema Zenit moja, lenzi moja, mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe kwa mwezi, hauzidi vocha za intaneti anazomaliza mtu akitazama video.

MZEE: Moja. Sasa umesema neno. Ghali ni hizi sita nyingine. Kamera isiyopigwa inakufa haraka kuliko inayopigwa: pazia linajikunja, mafuta yanaganda, kuvu inaingia. Malick Sidibé wa Bamako, mbali na picha zake, alikuwa fundi wa kamera, rafu za studio yake zilijaa vyuma vya watu. Lakini vile vilikuwa vinaletwa kutengenezwa virudi kazini. Wewe rafu yako inaleta nini?

BINTI: Raha, Mzee. Raha nayo si dhambi.

MZEE: Si dhambi. Ila usiite akiba.

Mimi nasimama na Mzee, isipokuwa mahali pamoja. Raha ya kukusanya ndiyo iliyoziokoa kamera hizi na jalala wakati mafundi na maduka walipokwisha kuzikatia tamaa. Bila watu wa aina ya Binti, Mzee asingekuwa na chuma cha kutufundishia leo. Lakini mwenye kutaka unafuu anunue ile isiyotaka betri, aikague kwa tochi na kidole kabla ya kutoa pesa, na pesa za kamera ya pili azitie kwenye mkanda.

KIJANA: Basi niazime hiyo Zenit, dada. Wiki moja. Nataka nijaribu hicho kiganja.

MZEE: Usipime chochote. Mkanda wa ISO 100, juani weka f/16 na moja kwa 125, ndiyo spidi ya Zenit iliyo karibu zaidi na 100. Mawingu yakitanda, f/8. Chini ya mwembe, f/5.6. Ukishamaliza mkanda ndipo upime kiganja uone ulikosea wapi. Na kumbuka lenzi hiyo ina pete mbili: unafungua upate kuona, unafunga upate kupiga. Ukisahau kufunga, picha zote zinatoka nyeupe.

KIJANA: Na mkanda wenyewe?

BINTI: Wewe si ndiye mwenye hela za harusi?

MZEE: Na hizi nyingine tuzipange. AE-1 iende kwa mwenye betri na fundi. K1000 iuze, kuna mwanafunzi atakayeitumia kila siku. Yashica ibaki mpaka ubadilishe sponji, kisha uamue.

BINTI: Trip siuzi.

MZEE: Sijakwambia uiuze. Itie mkanda.

BINTI: Na Praktica mbili?

MZEE: Ile yenye kuvu ifungue kwa vipuri, nyingine uza mwili wake peke yake. Uzi wake ni M42, sawasawa na wa Zenit, lenzi yake itaingia huku bila adapta.